Jumamosi za Mirella

Wivu wa Ettore Traverso ulianzia kazini, kwenye boti la kuvuta meli, na ulitoka mdomoni mwa mwenzake Tonino.

Walikuwa wakingoja meli ya makontena iliyochelewa kuingia bandarini Genova. Tonino alikuwa akichovya mkate wa mafuta ya zeituni kwenye kahawa ya maziwa, kama tufanyavyo sote hapa, na mgeni akishangaa tunamwacha ashangae. Akasema bila kuinua uso:

"Mkeo kapata mlinzi siku hizi?"

"Mlinzi gani?"

"Mzee mmoja mrefu, ana kofia ya ukili. Nimewaona Jumamosi pale uwanja wa Banchi. Watalii wako nyuma, yeye yuko mbele, kamshikia mwavuli."

"Mteja tu huyo."

"Sawa, mteja. Na Jumamosi ile nyingine alikuwa mteja vilevile. Kuna watu mji huu hawashibi."

Ettore alikaza kamba iliyokuwa imekazwa tayari. Alikuwa mtu wa maneno machache, kifua kipana, mikono iliyokomaa kwa kamba. Mke wake, Mirella, alikuwa mwongoza watalii tangu kabla hawajaoana, na walikuwa wameoana zaidi ya miaka ishirini. Katika miaka yote hiyo Ettore hakuwahi kufuatana naye hata siku moja. "Nilipie kuonyeshwa kanisa nililobatiziwa?" ndivyo alivyozoea kusema mezani, na wageni walikuwa wakicheka. Miaka ya mwanzo Mirella naye alikuwa akicheka.

Baada ya maneno ya Tonino, Ettore alianza kuona vitu. Aliona viatu vipya vya bluu. Aliona kwamba Jumamosi asubuhi Mirella huimba kwa sauti ya chini akichana nywele, na siku nyingine haimbi. Aliona kabatini kijisanduku cha maua ya sukari, kutoka duka lile la zamani ambalo watu wa mtaa wetu huingia Krismasi tu.

"Haya yametoka wapi?"

"Nimepewa na mteja."

"Wateja wako huwa wanarudi?"

"Wengine."

"Mji ni uleule. Wanarudia nini?"

"Waulize wao," Mirella akasema, akaendelea kumenya vitunguu.

Ettore hakuonja hata ua moja, lakini kila alipobaki peke yake nyumbani alilifungua lile kabati kutazama kama yamepungua. Yalikuwa yakipungua. Kwa hiyo anayala, alijiambia, kana kwamba kuyala ndiyo dhambi yenyewe.

Mwishowe akabadilishana zamu na Tonino. Jumamosi ile alimuaga mkewe kwamba anakwenda kazini, akazunguka mitaa ya nyuma akivuta sigara, kisha akashuka bandari ya zamani, akakata tiketi kama mtu aliyeshuka melini, na kujipanga kwenye foleni.

Mirella alikuwa akigawa redio, zile ndogo za kuning'iniza shingoni zenye waya wa sikioni, ili kundi lisikie hata kwenye vichochoro vyenye kelele. Alimpa mama mmoja mnene, akampa kijana na mchumba wake, akafika kwa Ettore. Mkono wake ukasimama hewani.

"Jina?"

"Mirella, acha mchezo."

"Ninaandikisha watu wangu, bwana. Jina?"

"Ettore."

"Karibu, bwana Ettore. Vaa sikio la kulia na usiizime."

Akapita. Na mtu aliyefuata, mrefu, kofia ya ukili, koti jeupe lililopigwa pasi vizuri, hakuulizwa jina. Alipewa redio yake, akasema, "Leo umelala vibaya," na Mirella akamjibu, "Kidogo tu, bwana Amedeo."

Ni kweli Mirella alikuwa amelala vibaya. Ettore alikuwa kitandani pamoja naye na hakuliona hilo.

Safari ikaanza. Jambo la kwanza lililomsumbua Ettore ni sauti. Alikuwa akiijua sauti ya mkewe ya kuita chakula, ya kuuliza bili ya gesi, ya kusema na dada yake kwenye simu. Hii hakuijua. Ilimwingia sikioni polepole, ya chini, yenye kicheko ndani yake, karibu kuliko sauti yoyote aliyowahi kuisikia kitandani. Akageuka kumtazama yule mzee na kukumbuka kwamba sauti hiyohiyo, wakati huohuo, iko ndani ya sikio la mzee pia.

Pale Banchi, mbele ya kanisa lililokaa juu ya maduka, Mirella alisema, "Sisi watu wa Genova hata nyumba ya Mungu tuliiweka ghorofani, ili kodi ya maduka ya chini ilipe ujenzi..." na bwana Amedeo akacheka kabla sentensi haijaisha. Wengine walicheka baadaye, ilipokwisha. Ettore alikaza meno.

"Leo upepo unatoka kusini-mashariki," Mirella akaendelea, "kwa hiyo mkisikia harufu ya samaki msimlaumu mwenzenu."

"Kusini-magharibi," Ettore akasema kwa sauti.

Watu wakageuka.

"Bwana Ettore anajua upepo," ilisema sauti masikioni mwao wote. "Tuna bahati leo. Upepo tumwachie yeye, mji niachieni mimi."

Wakacheka. Yule mama mnene akamsogelea Ettore akamshika mkono, kwa sababu mawe ya kichochoro yalikuwa yameloa.

"Naitwa Ilde, natoka Bergamo," akasema. "Miguu imeniisha, macho bado. Umemwona yule mzee?"

"Nimemwona."

"Anampenda yule mwongozaji wetu. Yaani mtu amekwisha. Tazama anavyomtangulia kwenye ngazi asije akateleza. Mapenzi ya uzeeni matamu, hayana haraka. Wewe huna mke?"

"Ninaye."

"Mbona hukumleta?"

"Yuko kazini."

"Masikini. Jumamosi hii yote," akasema bibi Ilde.

Katika kanisa kuu la San Lorenzo, penye mawe meusi na meupe, Mirella aliwaonyesha lile kombora la vita lililopenya ukutani bila kulipuka. Watu walipiga picha. Ettore hakuwa na haja ya kombora. Aliona bwana Amedeo akitoa mfukoni chupa ndogo ya maji, akaifungua kifuniko na kuiweka juu ya ukingo wa jiwe karibu na Mirella, bila neno, na Mirella akainywa bila hata kutazama imewekwa na nani. Hilo la kutotazama ndilo lililomuumiza. Mtu hutazama kitu kigeni. Kilichozoeleka hakitazamwi.

Kisha wakapanda lifti hadi Castelletto, na mji ukawa chini yao wote: mapaa ya mawe ya kijivu, kreni za bandari, mnara wa taa, bahari. Mirella aliwaonyesha hiki na kile, akanyamaza. Akamtazama Ettore. Alikuwa anataka kusema jambo, na ilionekana wazi kwamba kuwapo kwake kunalizuia. Halafu akamtazama bwana Amedeo, na mzee akainamisha kichwa kidogo tu, kama mtu anayemwambia mwenzake, sema.

"Hapa," Mirella akasema, "nilikuwa nikija nikiwa na umri wa miaka minane. Baba yangu alikuwa mpishi wa meli. Alisema atarudi kabla ya Krismasi, nami nilikuwa nikipanda hapa kila nikitoka shule kuangalia meli zinazoingia. Nilizijua kwa rangi za mabomba yake ya moshi. Krismasi ilipita. Mama akasema baba amekufa baharini, tukavaa nyeusi, majirani wakatuletea supu. Nilipokuwa na miaka ishirini ikaja picha kutoka Buenos Aires. Baba mzima, amenenepa, ana mke na wavulana wawili. Mama alijua tangu mwanzo. Aliona afadhali kuwa mjane kuliko kuachwa. Basi mkiona wanawake wa mji huu wanaitazama bahari, msidhani wote wanaipenda."

Kijana akamvuta mchumba wake karibu. Bibi Ilde alijisemea jambo kwa lugha ya kwao.

Ettore alishika chuma cha ukingo. Kwa miaka yote ya ndoa yao alijua kwamba baba mkwe wake alikufa baharini. Kila mwaka, siku ya marehemu, alikuwa akinunua maua na kuyatupa majini kutoka kwenye boti lake, kwa ajili ya mzee huyo. Mirella alikuwa akimshukuru. Na sasa watu wa kushuka melini, watu wa Bergamo, kijana na mchumba wake, wote walikuwa wamepewa kile ambacho yeye hakupewa. Na bwana Amedeo, aliyesimama kando, midomo yake ilikuwa imefuata maneno moja moja hadi mwisho. Aliyajua kwa moyo.

Walishuka kula kwenye duka la chapati za unga wa dengu, chini ya yale matao yaliyo mkabala na bandari. Meza zilikuwa ndefu, za mbao. Mirella alikaa na wenye duka kule jikoni, kama alivyozoea. Ettore akaja na sahani yake, akakaa uso kwa uso na bwana Amedeo.

"Mji huu bado hujaumaliza?" akamuuliza.

"Niliumaliza zamani," mzee akasema. "Mimi ni wa Nervi, hapo tu. Nilikuwa na duka la dawa."

"Basi unafuata nini?"

Mzee akajifuta vidole taratibu. "Nadhani unajua, bwana. Wewe ndiye mumewe."

"Amekwambia?"

"Hapana. Umemtazama asubuhi nzima kama mtu aliyeibiwa. Watalii hawatazami hivyo."

"Unampenda."

"Ndiyo." Alilisema bila aibu na bila ujeuri. "Niliwahi kumwomba tukanywe kahawa. Akakataa. Tangu hapo nalipa kama wengine, nasikiliza, narudi nyumbani. Hakuna jingine."

Lau angesema amemshika mkono, Ettore angejua la kufanya. Lakini hili la kusikiliza halikuwa na pa kulishika.

"Ile habari ya baba yake," akasema, "uliisikia lini?"

"Mwaka jana. Majira ya kuchipua."

Ettore akanyoosha mkono juu ya meza, akaikamata redio iliyoning'inia kwenye kifua cha mzee, akaivuta hadi waya ukakatika, akaipiga chini kwenye sakafu ya mawe. Vipande viliruka hadi chini ya meza ya jirani. Kofia ya mzee ilianguka. Hakuiokota, alibaki ameshika shingo yake palipokwaruzwa na waya.

Vichwa vya duka zima vikageuka. Mirella akatoka jikoni na maikrofoni yake bado mdomoni. Aliangalia vipande, akaangalia shingo ya mzee, akamwangalia mumewe. Alipozungumza, alizungumza na masikio yote.

"Wageni wangu, samahani. Huyu ni mume wangu. Malizeni chakula, kisha tutaendelea."

Bibi Ilde akaweka uma chini. "Yuko kazini, eti," akasema.

Mirella akamjia Ettore, akakifunika kidude cha mdomoni kwa kiganja. "Vua redio yako umpe bwana Amedeo."

"Mirella."

"Umemvunjia ya kwake. Mpe yako, au uondoke."

Ettore akaivua. Mzee hakutaka kuipokea, na Mirella akamvalisha mwenyewe, kwa mikono yake miwili, akiuzungusha waya mbali na ule mkwaruzo. Ettore aliitazama ile mikono. Kisha kundi likatoka, naye akalifuata nyuma kabisa, bila sauti.

Sehemu iliyobaki ya safari hiyo aliitembea kama kiziwi. Aliona mkono wa mkewe ukipanda na kushuka. Aliona vichwa vikigeuka pamoja kulia, pamoja kushoto. Alijaribu kusogea, lakini Mirella alikuwa akisema kwa sauti ya chini kama ilivyo desturi yake, na watu wake walikuwa wamemzunguka. Aliona midomo ya Mirella tu, midomo aliyoibusu kanisani, ikisema maneno yasiyomfikia.

Walifika mwisho wa gati. Ng'ambo, maboti ya kuvuta meli yalikuwa yamefungwa ubavu kwa ubavu, na la kwake likiwamo. Mirella akayaonyesha kwa mwavuli. Akasema kitu. Kundi likageuka, lote kwa mara moja, likamtazama Ettore. Kijana na mchumba wake wakacheka. Mirella akaendelea kusema, safari hii akiwa ameangalia maji, na kicheko kikafa. Bibi Ilde akatoa kitambaa akajipangusa macho. Bwana Amedeo alikuwa ameinama, anatazama ncha za viatu vyake.

Kisha watu wakapiga makofi, wakarudisha redio, wakatawanyika.

Ettore akamkimbilia bibi Ilde. "Amesema nini, mama?"

"Ungesikia mwenyewe kama usingekuwa mkorofi," akasema, akashika njia ya kwenye basi lao.

Akamgeukia mzee, aliyekuwa akimrudishia ile redio mkononi. "Amesema nini?"

"Hilo niachie liwe langu, bwana," akasema bwana Amedeo. "Nina machache."

Usiku ule Mirella alijibu kila swali isipokuwa hilo. Ndiyo, alijua kwamba mzee anampenda. Ndiyo, ilimfurahisha; mtu akikusikiliza hufurahi, yeye si jiwe. Hapana, hakuna zaidi. Kuhusu baba yake, akasema: "Wale wanaondoka jioni, Ettore. Mtu anayeondoka jioni ni rahisi kumwambia. Wewe ulikuwa unatupa maua baharini kwa moyo wako wote. Ningekwambiaje?"

"Na kule gatini ulisema nini?"

"Nimeshalisema. Silirudii."

Bwana Amedeo hakuja Jumamosi iliyofuata, wala ile ya baadaye. Ettore alilijua hilo kwa sababu alianza kwenda. Alikata tiketi, akavaa redio, akasimama nyuma na kufunga mdomo hata upepo ulipotajwa vibaya. Alikuwa amedhani mzee akiondoka, ile sauti itabaki kuwa yake. Haikuwa hivyo. Mirella alisema mambo yaleyale, lakini kila alipofika Banchi, penye kile kichekesho, alisita kidogo kabla hajakimaliza, kama anayemngoja mtu acheke. Kule Castelletto alionyesha mapaa na mnara wa taa, na habari ya baba yake akairuka. Viatu vya bluu vilirudi kwenye boksi lake. Kijisanduku cha maua ya sukari kilikuwa kitupu, na Ettore alikiona bado kabatini, hakikutupwa.

Wivu wa mtu aliyepo ni kazi. Wa mtu asiyekuwapo ulimshinda. Asubuhi moja akapanda treni hadi Nervi. Duka la dawa lilikuwa la watu wengine sasa, lakini walimwonyesha nyumba. Bwana Amedeo alifungua mlango akiwa amevaa fulana ya sufi, amepungua. Nyuma yake sebule ilikuwa imejaa maboksi.

"Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kukuomba urudi," Ettore akasema. Maneno yalikuwa mazito kuliko kamba yoyote aliyowahi kuivuta. "Jumamosi. Sauti yake imepungua."

Mzee akasogea pembeni ya mlango. "Ingia," akasema. "Siwezi kurudi. Binti yangu ananichukua kwake Savona, moyo wangu si mzuri. Siyo kwa sababu yako, usijipe ukubwa."

Akampa kiti kati ya maboksi. Hakumpa kahawa. Kisha, bila kuulizwa, akasema:

"Kule gatini alisema hivi. 'Yale maboti madogo ndiyo yanayovuta meli zenu kubwa, na moja ni la mume wangu, yule pale aliyenuna. Amevunja redio yangu na ataninunulia nyingine.' Hapo wakacheka. Halafu akasema, 'Nimengoja zaidi ya miaka ishirini aje anisikilize, na leo amekuja, lakini amekuja kwa ajili ya mwanamume mwingine. Sijui kama nifurahi.' Basi. Ndiyo hayo. Nilitaka kuyaficha maana nilikuonea wivu, bwana. Mimi nilikuwa hapo mwaka mzima na hakuwahi kunitaja."

Ettore alirudi kwa treni akiwa amesimama, ingawa viti vilikuwepo.

Nyumbani Mirella alikuwa anatwanga majani ya mrihani. Ettore alimwambia kutoka mlangoni: "Nimetoka Nervi."

Mchi ukasimama. "Kufanya nini?"

"Kumwomba arudi."

"Na yeye?" Aliliuliza haraka, haraka mno, na Ettore akahisi kile kitu kikimchoma palepale pa siku zote.

"Anahamia Savona kwa binti yake. Moyo unamsumbua."

Mirella akampa mgongo. Akaongeza chumvi kwenye kinu, akatwanga kidogo, akaacha. "Alikuwa mtu mzuri," akasema.

"Ndiyo."

Ettore akavuta kiti akakaa. "Ile picha ya Buenos Aires," akasema. "Unayo bado?"

"Ipo."

"Wale wavulana, wanafanana na wewe?"

Mirella akasogeza kinu pembeni. Kisha akapangusa mikono kwa aproni, akakaa upande wa pili wa meza, akaanza kwa ile sauti ya chini. Mdogo wao alikuwa na masikio yake, alisema, masikio haya haya yaliyochomoza. Mirella alikuwa amewahi kumwandikia barua. Ettore alisikiliza bila kukatiza, mikono juu ya meza. Na kila Mirella aliponyamaza kidogo akitazama dirishani, Ettore alijiuliza anamkumbuka nani, akajizuia asiulize, akangoja aendelee.